GB 8 au GB 32? Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali jingine

Swali: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga na nasoma shahada ya uzamili kwa masafa, kwa hiyo siku nyingi za mwezi zinaishia kwenye basi la Dar. Macho yamechoka na simu, nataka kifaa cha kusomea vitabu pepe. Duka moja la Kariakoo limenionyesha Kindle Paperwhite mbili zilizotumika: ya GB 8 kwa laki tatu na nusu, na ya GB 32 kwa laki tano na nusu. Muuzaji anasema ya GB 32 ndiyo inayosoma kwa sauti. Nina riwaya, nina moduli za chuo za PDF pamoja na mitihani ya nyuma, na nina mawaidha ya MP3 kama saa 60 hivi. Halafu kuna mama yangu, ana miaka 74, macho yamepungua. Zamani hakuna riwaya ya Kiswahili iliyompita, sasa hawezi tena kusoma, na ningependa kifaa hichohicho kimsomee. Nichukue hiyo ya GB 32?

Jibu: Usiichukue, Mwalimu. Au tuseme usiichukue kwa sababu hiyo aliyokupa muuzaji.

Tuanze na mashine zenyewe. Paperwhite zilizouzwa kwa GB 8 na GB 32 ni za matoleo mawili, la 2018 na la 2021. Kuzijua ni kazi ya sekunde mbili: tazama tundu la chaja. Likiwa lile la zamani ambalo waya lazima uutafutie upande, hiyo ni ya 2018, kioo inchi 6. Likiwa la USB-C kama la simu za sasa, hiyo ni ya 2021, kioo inchi 6.8. Sasa sikiliza: ya GB 8 na ya GB 32 zina Bluetooth ileile. Zote hazina spika, zote hazina tundu la hedifoni, zote zinatoa sauti kwa njia moja tu. Ile ya GB 32 ya mwaka 2021 imezidi kwa vitu viwili vidogo, mwanga unaojirekebisha wenyewe na kuchaji bila waya. Kwenye sauti haina ilichozidi. Hizo laki mbili za juu ni kodi ya chumba kikubwa, na nitakuonyesha hapa chini kwamba huna mizigo ya kukijaza.

Simlaumu sana muuzaji. “Inasoma kwa sauti” ni neno linalobeba mambo matatu yasiyofanana, na madukani yote hutiwa gunia moja. Jambo la kwanza ni kusikiliza kitabu kilichosomwa na mtu studio, ukakinunua kwenye duka la kampuni iliyotengeneza kifaa. La pili ni kucheza faili lako mwenyewe, MP3 uliyopewa na jirani au uliyopakua. La tatu ni mashine yenyewe kuyatazama maandishi na kuyatamka. Kifaa kinaweza kuwa hodari wa moja na bubu wa mengine mawili, na karatasi ya boksi haitakwambia.

Paperwhite hizo mbili zinafanya la kwanza. Unanunua kitabu Audible, duka la vitabu vya sauti la Amazon, watengenezaji wa Kindle, unaunganisha spika za masikioni kwa Bluetooth, unasikiliza. Kwa anayesoma Kiingereza kila siku hiyo ni neema. Kwako wewe, ambaye sauti unayoitaka ni ya Kiswahili, lile duka lina vichache mno vya kukupa. La pili hazifanyi kabisa. Ukichomeka waya ukanakili mawaidha yako yote ya saa 60 ndani, yatakaa humo kama mgeni aliyefungiwa ukumbini: nafasi wameyapa, wa kuyafungulia hakuna.

La tatu linahitaji maelezo kidogo, maana hapo ndipo watu wengi wanapoliwa. Kindle ina VoiceView, kisaidizi cha watu wenye uoni hafifu. Kinatamka menyu na kinasoma kurasa. Lakini hakikuundwa kwa Kiswahili. Niliwahi kuijaribu sauti ya Kiingereza ya mashine ya aina hii kwenye hadithi ya Kiswahili, nikakaa mezani na chai yangu nikitega sikio. “Nilimwambia” ilitoka kitu kama “naili-mwambaia”. “Ng’ombe” ilikatwa vipande viwili, herufi zikahesabiwa moja moja. Baada ya aya moja nilikuwa sielewi hadithi ambayo naijua kwa moyo. Bi Mkubwa wa miaka 74 hatavumilia hilo hata dakika tano, na ana haki.

Kuna kichekesho katika historia ya vifaa hivi. Kindle ya kwanza kabisa, ya Novemba 2007, ilikuwa na hifadhi ya MB 250 tu, yaani pungufu ya picha mia za simu yako, lakini ilikuwa na tundu la hedifoni, mlango wa memori kadi, na ilicheza MP3. Mwaka 2009 ikaja ya pili inayosoma maandishi kwa sauti ya mashine. Chama cha waandishi cha Marekani, Authors Guild, kikaja juu kwamba haki za vitabu vya sauti zinaporwa, na Amazon ikakubali wachapishaji wazime sauti hiyo kitabu kwa kitabu. Ilipofika Paperwhite ya kwanza, 2012, sauti yote ilikuwa imeondolewa. Ikarudi miaka michache baadaye kwa mlango mwembamba wa Bluetooth. Kwa hiyo wakati GB zinapanda mwaka hadi mwaka, uhuru wa sauti ulikuwa unashuka. Ndiyo maana ukinunua kwa kuhesabu GB unaweza kupata kifaa kinachokufaa pungufu ya kile cha babu yake. Na kwa kuwa unatafuta vya mitumba: Paperwhite za 2012, 2013 na 2015 hazina Bluetooth wala tundu la hedifoni. Akikuletea mojawapo akakwambia “hii nayo inasoma”, mrudishie na umshukuru.

Sasa hesabu ya hifadhi. Ichukue kalamu, wewe si mgeni wa hesabu.

Riwaya iliyo katika EPUB, aina ya faili la vitabu pepe, maandishi matupu na picha ya jalada, huwa MB 1 hivi, mara nyingi chini ya hapo. Kifaa kinachoandikwa GB 8 hakikupi zote 8, mfumo wake unakula fungu lake. Weka akilini kama GB 6. Hizo ni riwaya 6,000. Ukisoma moja kila wiki bila kukosa, utamaliza baada ya miaka 115. Kwa maandishi, basi, hifadhi si jambo la kukunyima usingizi.

Sauti ndiyo yenye tumbo. Sauti ya mtu anayeongea ikirekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ambacho ni kiwango kizuri tu kwa mawaidha na vitabu, inakula MB 29 kwa saa. Ikiwa kilobiti 128, kama faili nyingi za muziki, ni MB 58 kwa saa. Saa zako 60 basi ni kati ya GB 1.7 na GB 3.5. Hata ukizizidisha mara tatu, GB 16 zinatosha na chenji inabaki. Lakini kumbuka tulikotoka: kwenye hizo Paperwhite hesabu hii haikuhusu, kwa sababu MP3 hazichezi.

Kinachojaza kifaa cha mwalimu ni kitu cha tatu, PDF zilizopigwa picha. Mtihani wa nyuma uliopitishwa kwenye skana, kila ukurasa ni picha, na kitabu cha kurasa 300 cha namna hiyo kinaweza kufika MB 100 au kuzidi. Vitabu 20 vya hivyo ni GB 2. Hapa ndipo nafasi ingeanza kuwa na maana, isipokuwa tatizo la PDF kwenye kioo kidogo si nafasi. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Kioo cha inchi 6 kina upana wa sentimita 9 hivi. Ukurasa mzima ukibanwa humo, herufi ya pointi 12 inageuka kuwa kama pointi 5, ndogo kuliko maandishi ya masharti chini ya tangazo la benki. Kwenye inchi 6.8 unapata pointi 6. Utakuwa unavuta kwa vidole, unasogeza kulia, unasogeza kushoto, na kioo cha wino wa kielektroniki, ambacho ndicho cha vifaa hivi, hakina mwendo wa simu. Kila ukisogeza kinawaka na kuzima kama anayepepesa macho. Basi halijafika Segera umeshakirudisha kwenye mkoba.

PDF zenye maandishi ya kweli zina tiba. Weka programu ya Calibre kwenye kompyuta, ni ya bure, igeuze moduli kuwa EPUB, nayo itatiririka kwa ukubwa wa herufi unaoutaka. Majedwali na milinganyo itavurugika, hilo nakuambia mapema, hivyo kama somo lako ni hisabati au fizikia usitegemee muujiza. Zilizopigwa picha hazigeuki kirahisi hivyo. Namna ya kuzitambua: fungua PDF kwenye simu, bonyeza neno moja uling’ang’anie. Likipakwa rangi, ni maandishi. Lisipopakwa, ni picha, na hakuna mashine ya kusoma kwa sauti itakayoliona neno hilo mpaka upitishe faili kwenye programu ya kutambua herufi. Jaribio hilo dogo lihifadhi, tutalihitaji tukifika kwa Bi Mkubwa.

Wasomaji wengi wa vifaa hivi kwetu wanajua jina moja tu, Kindle, kama vile kila dawa ya meno ilivyoitwa Colgate. Yapo mengine, na tofauti zake ziko palepale kwenye sauti na milango.

Kobo ndiyo ninayoipenda kwa msomaji wa kawaida. Unaichomeka kwenye kompyuta, inajitokeza kama flashi, unaburuta EPUB zako ndani, basi. Kuingiza vitabu hivyo hakuhitaji intaneti wala ruhusa ya mtu. Clara BW, ya 2024, ina GB 16, inchi 6, na haiogopi maji. Ilitoka kwa dola 130 hivi kwao, kabla ya usafiri, ushuru na faida ya dalali. Libra Colour ya mwaka huohuo ina GB 32, inchi 7, na vitufe vya kugeuzia kurasa. Zote zina Bluetooth, lakini kwa sauti Kobo ana tabia za Kindle: rasmi anapokea vitabu vya sauti alivyouza yeye mwenyewe. MP3 zako zinabaki nje ya geti.

PocketBook ni wa aina nyingine. Huyu anacheza MP3 bila maswali, na anasoma maandishi kwa sauti ya mashine. PocketBook Era, iliyotoka 2022 kwa GB 16 na GB 64, ina hata spika yake ndani. Ukiniuliza ni kisomaji gani kilichotengenezwa na mtu anayefikiria sauti kweli, nitamtaja huyu. Ugumu ni mawili: kwetu hapatikani madukani, lazima umwagize, na sauti zake za mashine zimetungiwa zaidi lugha za Ulaya. Kwa hiyo kwake mawaidha yanaingia, Bi Mkubwa anabaki mlangoni.

Halafu kuna Boox, ambazo ndani ni Android kamili zilizovaa kioo cha wino. Go Color 7 ina GB 64, spika na mlango wa memori kadi. Palma ina umbo la simu, inchi 6 na kidogo, GB 128. Kwa kuwa ni Android, unaweka programu yoyote ya kusomea, unaweka huduma ya sauti ya Google, ambayo ina Kiswahili, na kifaa kinasoma Kiswahili. Ndicho kisomaji ninachokijua kinachokubali mambo yote matatu kwa pamoja. Lakini bei ya Palma ilipotoka ilikuwa dola 280, na betri yake haina subira ya Kindle.

Hapo kwenye betri nisimame kidogo. Vifaa hivi vinasifiwa kukaa wiki kadhaa bila chaji kwa sababu ya wino wenyewe. Ndani ya kioo kuna vidonge vidogo kuliko unene wa unywele, vyenye chembe nyeupe na nyeusi. Umeme unapita pale tu ukurasa unapogeuka, kisha chembe zinakaa zilipo bila kudai kitu. Ukurasa uliosimama haunywi chochote. Sauti haijui mkataba huo. Kila sekunde ya sauti inataka umeme, na Bluetooth nayo inataka wake. Anayesikiliza saa nne kila siku atachaji kisomaji chake kama anavyochaji simu, kisha atalalamika kwamba ameuziwa kibovu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni mfupi, Mwalimu. Tenganisha macho na masikio. Kama ile ya GB 8 ni ya USB-C, yaani ya 2021, na ikipita vipimo nitakavyokupa, ichukue hiyo kwa laki tatu na nusu. Ikiwa ni ya 2018, punguziwa bei au endelea kutafuta. Riwaya zote weka humo. EPUB utazituma kupitia huduma ya Send to Kindle, mwisho MB 200 kwa faili ukipitia tovuti na MB 50 ukituma kwa barua pepe. Ukizinakili kwa waya hazitafunguka. Utahitaji intaneti, hotspoti ya simu inatosha. Vitabu utakavyonunua kwao ujue vitakaa mikononi mwao, maana Februari 2025 Amazon waliondoa njia ya kuvipakua kwenye kompyuta. Mawaidha yaache kwenye simu, ambako yanacheza leo bila kukudai senti. Mitihani ya picha isome kwenye kompyuta. Na usitegemee kubonyeza neno la Kiswahili upate maana, kamusi zinazokuja na kifaa hazina lugha yetu.

Kuhusu kununua cha mitumba, nina kovu. Miaka michache nyuma nilinunua kisomaji safi kama kipya, hakina hata mkwaruzo, kwa bei iliyonifanya nijisifu mpaka nyumbani. Nilipotaka kukisajili kwa akaunti yangu kikakataa. Kilikuwa kimeripotiwa kupotea na mwenyewe wa kwanza, huko kilikotoka. Nilirudi dukani nikakuta kijana mwingine, hamjui aliyeniuzia. Mpaka leo kipo kwenye droo, nakitumia kupimia chaja. Hivyo usitoe pesa kabla hujawasha hotspoti yako palepale dukani, ukakisajili kwa jina lako, ukatuma kitabu kimoja na kukiona kimeingia. Muuzaji akisema “hiyo utafanya nyumbani, dada”, mwambie nyumbani ni Tanga. Kisha zima mwanga, fungua ukurasa mweupe, utazame kioo kwa ubavu: mstari mmoja usiofutika au doa kama la chai, achana nacho, kioo cha wino hakitengenezwi kwa bei inayoeleweka. Halafu unganisha spika zako za masikioni uhakikishe Bluetooth inashika.

Na kava nunua siku hiyohiyo, lile gumu. Shirika la Worldreader lilipopeleka Kindle kwenye shule za Ghana kuanzia 2010, katika majaribio ya mwanzo karibu vifaa 4 kati ya 10 viliharibika, vingi kwa vioo kuvunjika. Kioo hakionyeshi ufa kwa nje. Kinapasuka ndani, unaamka asubuhi nusu ya ukurasa imeganda. Mkoba wa mwalimu wenye madaftari ya kusahihisha, ukikaliwa na abiria wa Chalinze, unatosha kufanya hivyo.

Umebakiwa na laki mbili, na mama.

Bi Mkubwa mpe shikamoo yangu. Yeye simnunulii kisomaji. Kioo cha kugusa kwa vidole vikavu vya mtu mzima ni mateso, na mtu asiyeona vizuri hafai kupewa menyu. Shangazi yangu yupo Pangani, naye macho yamekwenda. Nilimpelekea simu nzuri yenye sauti ya Kiswahili, akaiweka kabatini kwa heshima. Alichokikubali ni kile kiredio kidogo cha memori kadi, chenye tochi mbele, ambacho wauzaji wa mkononi wanacho kila stendi. Nilidondosha tone la gundi juu ya kitufe cha kuchezea, likakauka na kuwa kipele. Kidole gumba kinakipapasa, kinakuta kipele, kinabonyeza. Kinaning’inia kwenye msumari wa mlango, mchana kutwa.

Kadi yake usinunue kubwa. Redio hizi nyingi zinaelewa kadi za mwisho GB 32. Za GB 64 na kuendelea huja zimepangwa kwa mfumo mwingine wa faili, na redio itakaa kimya kana kwamba haina kadi. Chukua ya GB 16. Kwa kiwango kile cha kilobiti 64 hiyo ni zaidi ya saa 500 za kusikiliza. Na faili ziwe MP3, nyingi hazijui kingine.

Sauti utaipata wapi? Njia moja ni mashine. Programu ya @Voice Aloud Reader kwenye simu ya Android inaweza kusoma kitabu kwa sauti ya Kiswahili na kuihifadhi kama faili, ambalo utaligeuza kuwa MP3. Kama unataka kwanza usikie mashine za sasa zimefika wapi, fungua PDF kwenye kivinjari cha Edge kwenye kompyuta, amuru kisome kwa sauti, uchague Kiswahili: Microsoft wana Rafiki na Zuri kwa Kiswahili cha Kenya, Daudi na Rehema kwa cha Tanzania. Wanatamka vizuri, mpaka wanapokutana na methali au mtu anayelia kwenye hadithi; hapo wanasoma kilio kama taarifa ya hali ya hewa. Na kumbuka jaribio la kubonyeza neno: riwaya iliyopigwa picha, mashine haioni kitu.

Njia ya pili ndiyo niliyoishia nayo mimi. Shika simu, kaa chumba chenye pazia na godoro ili sauti isirudi, fungua riwaya moja aliyoipenda mama zamani, uisome mwenyewe. Au mpe mjukuu anayesoma vizuri, kwa ujira wa soda. Saa moja ya MP3 kwa kilobiti 64 ni MB 29. Usirekodi sura nzima kwenye faili moja. Kata kila dakika 10 au 15, na uzipe majina ya namba, 001, 002, 003, uzinakili kwenye kadi kwa mpangilio huohuo, kwa sababu redio nyingi hufuata mpangilio wa kunakili na si wa majina. Hivyo Bi Mkubwa akisinzia katikati, kesho yake atabonyeza kurudi nyuma mara chache tu na kukuta alipoachia.